Simu ya laini mbili kwa Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wakazi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wana laini mbili kwa sababu ya msingi: moja ya bando, nyingine ya pesa, au ya kijijini ambako mtandao wa kwanza haushiki. Kero ni chaji kuisha alasiri ilhali simu ilikaa tu mfukoni. Muuzaji atakuonyesha mAh, yaani ukubwa wa betri. Hapa simu zimepangwa kwa kipimo kingine: zinawasiliana na mnara kiasi gani wakati huzitumii.

Kwenye 4G, laini iliyotulia huamka kwa kawaida kila sekunde 1.28 kusikiliza kama inaitwa. Hiyo ni mara 67,500 kwa siku, na laini mbili ni maradufu. Bado inakula chaji kidogo, kwa kuwa simu inasikiliza tu, haitumi. Kinachomaliza betri ni kutuma: kujisajili, kuripoti eneo jipya, kutoka 4G kwenda 3G na kurudi. Laini yenye 4G imara inaweza kukaa dakika 54 bila kuripoti chochote. Laini inayoyumba, kwa mtu aliye bondeni Makete au abiria anayepanda Kitonga, huhamahama ndani ya dakika chache, tena kwa nguvu kubwa kwa sababu mnara uko mbali. Ongeza baridi ya Juni na Julai, inayopunguza uwezo wa betri za lithiamu, utaelewa kwa nini mAh peke yake hazitoshi.

Namba moja: simu janja yenye 4G na VoLTE kwenye laini zote mbili. VoLTE ni simu kupigwa juu ya 4G yenyewe. Bila hiyo, kila unapopigiwa, laini hushuka 3G au 2G, huripoti, hupokea, kisha hupanda na kuripoti tena. Bando nalo husimama au huburuta mpaka umalize kuongea. Hakikisha ina bendi 28 na bendi 20, yaani masafa ya MHz 700 na 800, kwa sababu masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Betri ya mAh 5,000 inatosha. Angalia pia kitrei: vingine vinakulazimisha uchague kati ya laini ya pili na kadi ya memori.

Namba mbili: simu janja ya laini moja pamoja na kitochi. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayogawana zamu, ndiyo maana ukiongea na laini ya kwanza, anayepiga ya pili huambiwa hupatikani. Vifaa viwili vina redio mbili, kwa hiyo tatizo hilo linakwisha. Kwa wakala wa pesa au dereva wa Tunduma chaguo hili linaweza hata kuwa bora kuliko la kwanza. Kitochi cha 2G ukikiweka karibu na redio ya kawaida, spika ikikoroma mara kwa mara bila simu kuingia, ujue laini inatuma na haijatulia hapo ulipoiweka.

Namba tatu: laini moja ya kadi na nyingine ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi, iliyo ndani ya simu yenyewe. Kwa mnara hakuna tofauti, laini mbili ni laini mbili. Ilipe zaidi tu kama unahitaji nafasi ya kadi ya memori, na kama mtandao wako unatoa eSIM.

Ya mwisho, iache: simu ambayo laini ya pili ni 2G tu. Pia jihadhari na simu iliyotumika nje ya nchi, maana VoLTE yake inaweza isifanye kazi kwenye mitandao yetu, na baadhi ya zile za Marekani hazina bendi 20.

Ukiwa dukani Mwanjelwa au popote, weka laini zako mwenyewe. Bonyeza *#06#: zitoke IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, kila moja ya tarakimu 15. Mpigie rafiki kwa laini ya kwanza, kisha ya pili, ukitazama juu ya kioo. Alama ya 4G ikigeuka H, 3G au E, basi VoLTE haipo au imezimwa kwenye setingi. Ingia “Kuhusu simu”, fungua hali ya laini: nguvu ya mtandao huandikwa kwa dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwenye 4G, -100 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri, chini ya -115, mfano -120, ni hafifu.

Ukifika nyumbani, zima kipengele kinachohamisha data chenyewe kati ya laini, kwani kila uhamisho ni usajili mpya. Laini ambayo 4G yake inakuja na kupotea, ifunge kwenye 3G au 2G, kile kinachoshika imara. Laini unayoitumia jioni tu kutuma pesa, izime mchana kwenye setingi za laini. Na ukiwa Kyela au Tunduma, ambako minara ya Malawi na Zambia inasikika, zima romingi na uchague mtandao kwa mkono. Ukirudi mjini rudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo simu inaweza kubaki bila mtandao mahali ambapo ungepatikana.