Bingo ya maneno ya wanyama wa hadithini: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Mwanangu wa miaka sita alikuwa anazijua silabi zake zote, ba be bi bo bu bila kukwama, ila akikutana na neno zima anatazama herufi ya kwanza kisha anabahatisha. Ndiyo maana nikanunua seti hii ya bingo, mchezo ambao mmoja anaita neno na wengine wanalitafuta na kulifunika kwenye kadi zao. Tumeicheza karibu kila jioni: yeye, dada yake wa miaka tisa na mimi.

Kila kadi ina vyumba 16, vinne kwa vinne, na kila chumba kina mnyama wa hadithini: sungura, fisi, kobe, kima, punda na wenzao. Ukifunika vinne vilivyopangana, wima, mlalo au mshazari, umeshinda. Mistari ya ushindi ni 10 kwa kadi, kwa hiyo mzunguko mmoja hauchoshi.

Upande mmoja wa kadi una picha na neno, wa pili una maneno matupu. Anzeni na picha, lakini msikae hapo. Wiki mbili za mwanzo mwanangu alishinda mara nyingi, nikafurahi sana. Siku nilipozifunika picha kwa karatasi nikagundua hakuwa akisoma hata neno moja, alikuwa anatafuta masikio marefu. Tulipogeuza kadi ndipo kusoma kulipoanza.

Aliyepanga maneno alijua watoto wanakwama wapi. Chui, chura na chatu wamo kwenye kadi moja. Nyani, nyati, nyoka na nyuki kwenye nyingine. Kubahatisha kwa herufi za mwanzo hakusaidii tena, lazima jicho lifike mwisho wa neno. Ng'ombe na ngamia ndio waliotusumbua kuliko wote, mpaka alipoelewa kwamba kile kialama kidogo cha juu kinabadilisha sauti. Sasa yeye ndiye anayemkumbusha dada yake akikisahau kwenye daftari.

Ninachokipenda zaidi hakimo kwenye maelekezo. Badala ya kuita neno, naita kisa. "Njia mbili zilimshinda," wanatafuta fisi. "Aliona sura yake kisimani akajirusha," wanatafuta simba. "Alidai moyo wake ameuacha mtini," hapo ni kima. Asiyekijua kisa, tunasimama nimsimulie. Jioni ya kima na papa mchezo haukuisha kabisa, kwa sababu wote wawili walitaka kujua punda wa dobi aliingiaje humo. Walilala bila mshindi, na hakuna aliyelalamika.

Kasoro zipo. Vifuniko vya vyumba ni vya karatasi nyepesi mno, upepo kidogo tu vinapeperuka. Sisi tunatumia vizibo vya chupa. Baya zaidi, kadi mbili kati ya nane zina mpangilio uleule, hivyo wakizipata watoto wawili wanamaliza pamoja na ugomvi haukosi. Moja nimeiondoa. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano vyumba 16 ni vingi. Mchoreeni yake ya tatu kwa tatu, yenye majina mafupi kama paka, simba, fisi na kobe.

Ningeinunua tena. Jana mwanangu aliomba zamu ya kuita. Akachukua kadi, akalisoma neno kimyakimya midomo ikichezacheza, akafikiri kidogo. "Ana gamba, na mbio alishinda yeye." Dada yake akaweka kizibo juu ya kobe.