Cheo kipya au cheti cha Mei Mosi?

Fungu la mishahara likikauka, mwajiri wa Tanzania hubaki na njia mbili za kumpongeza mtu.

Cheti cha mfanyakazi hodari kina shangwe zake: jina linaitwa uwanjani, picha inapigwa, wenzako wanapiga vigelegele (bahasha ikiwepo, bora zaidi). Juni ikifika, kiko ukutani tu.

Cheo hutembea nawe. Karani akiitwa Msimamizi wa Stoo, madereva wa malori humsikiliza, na akiomba kazi kwingine, wasifu wake una uzito. Ila kiwe na meno: asaini hati za kutoa mzigo, apange zamu. “Meneja” asiye na wa kumsimamia huchekwa kantini. Mimi ningechukua cheo, mradi mamlaka yaandikwe kwenye barua. Vinginevyo ni kuongezewa kazi kwa mshahara uleule.