Ushirika wa wazee kanisani kwetu, Mabatini

Ushirika wa wazee unaofanyika kanisani kwetu Mabatini, jijini Mwanza, naupendekeza kwa moyo wote kwa familia yenye mzazi aliyetimiza miaka 60. Zaburi ya 71, ambamo mzee mwenye mvi anamwomba Mungu asimwache, husomwa polepole, kisha kila mmoja hushuhudia bila kukatizwa. Bibi mmoja asiyeona vizuri aliiendeleza kwa ghibu huku wenzake wakiitikia “Amina”. Uji wa ulezi huletwa ungali moto. Kwa kuwa nyumba nyingi ziko juu mlimani katikati ya mawe, wasioweza kushuka hufuatwa na vijana kwa maombi, huduma ambayo kwangu inazidi zote. Viti visivyo na mikono vinawatesa wenye maumivu ya magoti, vibadilishwe mapema.