Krimu, vidonge na mafuta ya midomo: tathmini yangu ya dawa za vidonda vya mdomo baada ya mwaka mmoja Kisumu

Nimefundisha tarumbeta katika bendi ya kanisa kwa miaka 12, na kwa karibu miaka hiyo yote kidonda kimoja kimekuwa kikinirudia mahali palepale, kwenye ukingo wa mdomo wa juu, upande wa kushoto, hasa pale kipulizio kinapokaa. Mtu mwingine akitokwa na malengelenge hayo hufunika mdomo kwa leso na kuendelea na kazi yake. Mpulizaji tarumbeta hawezi, kwa sababu kila sauti anayoitoa inadai midomo ikaze na kutetemeka juu ya chuma. Mwaka juzi nilihesabu nikaona kwamba kidonda kilinijia mara 7, na kila mara kilininyima ala yangu kwa siku 8 hadi 10. Ninaandika tathmini hii ya vitu nilivyovitumia mwaka mzima uliopita, yaani krimu ya asikloviri, ambayo ni dawa ya virusi, vidonge vya dawa hiyohiyo na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, pamoja na huduma ya duka dogo la dawa lililo mwendo wa dakika chache kutoka soko la Kibuye, ambako hatimaye nilielezwa ninachougua.

Huku kwetu kando ya ziwa, mtu akionekana na vidonda hivi huambiwa, "Malaria imekutoka," na watu humpongeza kana kwamba amepona. Usemi huo una chembe ya ukweli, kwa kuwa homa yoyote, ikiwemo ya malaria ambayo haikauki katika kaunti hizi, inaweza kuviamsha. Lakini si malaria inayotoka. Kinachotoka ni virusi vya hepesi simpleksi, mara nyingi vya aina ya kwanza, ambavyo wengi wetu tuliambukizwa utotoni kwa kubusiwa au kwa mate ya jamaa. Vikiisha kuingia havitoki tena. Hufuata mshipa wa fahamu wa uso hadi kwenye fundo la neva lililo ndani ya fuvu, hulala humo, na siku mwili unapochoka, unapopata homa au unapounguzwa na jua, hushuka kwa njia ileile hadi mahali palepale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani asilimia 64, wana virusi vya aina hiyo ya kwanza, ingawa wengi hawaoni dalili yoyote. Nilipoyaelewa haya niliacha kununua dawa ya malaria kila mdomo ulipochonyota, jambo ambalo nasikitika kwamba nilikuwa nimelifanya mara kadhaa bila hata kupimwa damu.

Duka la dawa nililolizoea hapo awali, ambalo sitalitaja, lilikuwa limeniuzia krimu yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya kuua kuvu, ya kuua bakteria, na steroidi. Krimu za namna hiyo hununuliwa sana, na watu huzipaka juu ya kila kitu kinachotokea kwenye ngozi. Steroidi hupunguza wekundu na uvimbe kwa kuituliza kinga ya mwili mahali inapopakwa, na kuipaka peke yake, bila dawa ya virusi, juu ya kidonda kama hiki ni kuwaondoa walinzi huku mwizi angali ndani ya boma. Malengelenge yangu, yaliyoanza yakiwa matatu, yalisambaa hadi chini ya pua na yakachukua zaidi ya wiki mbili kukauka. Siku ile hakuna aliyeniuliza swali lolote. Nilionyesha mdomo, nikalipa, nikaondoka.

Mfamasia wa Kibuye alianza kwa maswali, na kwa maoni yangu maswali hayo yalikuwa na thamani kuliko kitu chochote nilichokibeba kwenye mfuko siku hiyo. Aliniita kando ya kaunta, mbali na wateja wengine, akauliza, "Mwalimu, kabla hakijatokea, huwa unasikia nini?" Nikamwambia, "Huanza kwa mchonyoto, daktari, kama vile nimeguswa na pilipili, kisha usiku huo ngozi inatuna." Aliuliza iwapo kidonda hukaa kwenye ukingo au kwenye pembe ya mdomo, kwa sababu mipasuko ya pembeni mara nyingi ni kuvu au bakteria na tiba yake ni nyingine kabisa, na iwapo hutokea ndani ya shavu, kwa kuwa vile vidonda vyeupe vya ndani navyo si hepesi. Aliuliza kama jicho limewahi kuuma au kuwa jekundu wakati wa kidonda; virusi hivi vikifika kwenye kioo cha jicho vinaweza kuacha kovu linaloharibu uwezo wa kuona, na mtu huyo anapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Aliuliza pia kuhusu figo zangu, kwa kuwa asikloviri hutolewa mwilini na figo. Mwishoni alinieleza kwa upole kwamba kidonda cha hepesi kinachodumu zaidi ya mwezi mmoja kinaweza kuwa ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka sana, na kwamba katika hali hiyo kipimo cha Virusi Vya Ukimwi hakipaswi kuahirishwa. Aliyasema haya bila kunihukumu na bila kunong'ona kwa namna ambayo ingenitia aibu. Leseni yake ya Bodi ya Famasia na Sumu ilikuwa ukutani, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Nije kwenye dawa zenyewe. Krimu ni asikloviri ya asilimia 5, nayo jina lake kwenye pakiti huandikwa Aciclovir. Tyubu yangu ya gramu 10 niliilipia shilingi 200. Hupakwa mara 5 kwa siku, kila baada ya saa 4 hivi wakati mtu yuko macho, kwa siku 5. Dawa hii ilitokana na utafiti uliofanywa katika miaka ya 1970 na kampuni ya Burroughs Wellcome, ambako Gertrude Elion alikuwa akifanya kazi. Yeye ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Kinachonivutia ni jinsi inavyofanya kazi. Ndani ya seli yenye afya hukaa bila kufanya neno. Ni kimeng'enya cha virusi vyenyewe kinachoiamsha, na ikiisha kuamka hujipachika kwenye uzi wa DNA ambao virusi vinaujenga, uzi ukakatika hapo. Maana yake ni kwamba inazuia virusi visizaliane, lakini haiwezi kufanya lolote juu ya lengelenge ambalo tayari limejaa maji, wala kuvifikia vile vilivyolala kwenye neva.

Kwa sababu hiyo krimu haikunifurahisha sana. Niliipaka mara mbili baada ya malengelenge kuonekana, na sikuona tofauti yoyote na mwaka uliotangulia. Mara ya tatu niliipaka katika saa ya kwanza ya mchonyoto, na kidonda kilikuwa kidogo zaidi, kikapona siku ya 7. Majaribio ya kitabibu yanaonyesha faida ya takriban nusu siku hadi siku moja, na hayo ndiyo niliyoyaona mimi pia. Mtu anayepata kidonda mara moja kwa mwaka anaweza kuridhika nayo. Kwa bei yake siwezi kumkataza yeyote, ila asiitarajie ifanye muujiza siku ya tatu.

Vidonge ndivyo vilivyobadilisha maisha yangu, na si kwa sababu vina nguvu za ajabu. Vinahitaji cheti cha daktari, kwa hiyo mfamasia alinielekeza kwa kliniki iliyo jirani, nikaandikiwa asikloviri ya miligramu 400, kidonge kimoja mara 5 kwa siku kwa siku 5, na nikasisitiziwa ninywe maji mengi. Ushauri uliokuwa wa maana zaidi ulikuja wakati wa kunikabidhi pakiti. Mfamasia aliniambia nisiiweke nyumbani. Niibebe popote niendapo, ili mchonyoto ukianza saa nane usiku nikiwa matangani Siaya, nisingoje hadi maduka yafunguliwe asubuhi. Miaka yote niliyokuwa nikiumwa, nilikuwa nikienda dukani baada ya kidonda kuonekana, na kufikia wakati huo virusi vilikuwa vimekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi yao. Tangu pakiti iingie kwenye sanduku la tarumbeta, nimepata dalili mara 4. Mara mbili, zote nikiwa nimemeza kidonge cha kwanza ndani ya saa moja, ngozi ilituna kidogo kisha ikatulia bila lengelenge lolote. Mara ya tatu kidonda kilitokea lakini kikapona siku ya 6. Mara ya nne niliamka kikiwa kimekwisha kutokea usingizini, na vidonge havikunisaidia kwa namna ninayoweza kuiona. Ninaitaja mara hiyo ya nne kwa makusudi, ili msomaji asidhani kwamba nimepata kinga kamili.

Ipo pia valasikloviri, ambayo hugeuka kuwa asikloviri mwilini na kwa vidonda vya mdomo humezwa kwa siku moja tu, gramu 2 kisha gramu 2 nyingine baada ya saa 12. Hiyo ingekuwa rahisi zaidi kwangu, lakini siku niliyouliza ilikuwa na bei ya juu kuliko bajeti yangu. Daktari alinieleza pia njia ya kumeza dawa kila siku kwa miezi kadhaa, ambayo huzingatiwa kwa watu wanaopata vidonda mara 6 au zaidi kwa mwaka. Tulikubaliana tuanze kwanza na kuzuia vichocheo.

Kichocheo changu kikubwa kilikuwa jua. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule unaopita Maseno, na iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale ya jua hapa ni mikali mwaka mzima. Bendi yetu hucheza mazishini. Tunakesha Ijumaa usiku, kisha Jumamosi tunatembea na jeneza na kucheza kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri, bila kivuli. Nilipopitia shajara yangu niligundua kwamba vidonda 5 kati ya vile 7 vilitokea siku mbili au tatu baada ya mazishi ya namna hiyo. Mafuta ya midomo yenye kinga ya SPF 30 niliyapata kwa shilingi 450. Wanabendi wenzangu walishangaa, kwa kuwa wengi wetu tunaamini kwamba kinga ya jua ni ya Wazungu na ya watu wenye ualbino. Ni kweli kwamba rangi ya ngozi yetu hutukinga kwa kiasi fulani, lakini mdomo una ngozi nyembamba na huungua pia. Kasoro yake ni kwamba yanateleza kwenye kipulizio; inanibidi niyapanguse katikati ya mdomo kabla ya kupiga na kuyapaka upya kila tunapopumzika. Nayatumia pamoja na kofia pana, na nimejilazimisha kulala kwa muda wa saa mbili alfajiri kabla ya msafara. Siwezi kutenganisha ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichosaidia zaidi.

Kuhusu tiba za nyumbani nitakuwa mfupi. Dawa ya meno inachoma na kukausha ngozi tu. Dawa ya zambarau huchafua mdomo na haiui virusi hivi. Kwa asali, utafiti mkubwa wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha asali ya kanuka, mti wa huko, na krimu ya asikloviri na haukuona tofauti kati yao. Ile ni asali iliyoandaliwa kitabibu, si ya chupa ya barabarani.

Jambo lililoniuma kuliko yote halikuhusu mdomo wangu. Wanafunzi wetu wadogo wana tarumbeta chache na hupokezana vipulizio, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikichukua chombo cha mtoto, nikapiga mstari mmoja kumwonyesha, kisha nikamrudishia. Virusi hivi huenezwa zaidi wakati wa malengelenge, lakini vinaweza kuwemo kwenye mate hata pasipokuwa na dalili. Nilimweleza mfamasia jambo hilo kwa uzito moyoni. Alinijibu kwamba sabuni na maji ya vuguvugu huviharibu, na kwamba kila mtoto awe na kipulizio chake. Tumechanga fedha, na sasa watoto 11 kati ya 14 wana vyao. Akina mama wa kanisani nimewaomba pia wasiruhusu mtu mwenye kidonda cha mdomo ambusu mtoto mchanga, kwa maana kwa mtoto wa wiki za kwanza maambukizi haya yanaweza kuua.

Nina lalamiko moja dogo kwa duka la Kibuye, ambalo ni kufungwa siku nzima ya Jumapili, siku ambayo wauguaji wa Jumamosi ndio wanaohitaji dawa. Jingine ni la krimu yenyewe. Tyubu yangu ya kwanza niliiacha ndani ya sanduku la chuma kwenye gari lililoegeshwa juani, na nilipoifungua ilitoka maji upande mmoja na mafuta upande mwingine, nikaitupa. Inapaswa kuwekwa mahali pa baridi ya kawaida, si juani wala kwenye friji. Siku hizi naiweka pamoja na vidonge ndani ya mfuko wa kitambaa unaokaa kiunoni mwangu, na nimeandika tarehe ya mwisho wa matumizi juu ya mfuko huo kwa kalamu nyeusi.