Mafunzo ya ramani za moto: fedha yangu imeungua kuliko pori

Nianze na sifa, nisije nikaambiwa nna choyo. QGIS, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ni ya bure na mie naipenda. Picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo ni za bure. Kilichoniuma ni kukilipa kituo kimoja hapa Mjini Unguja wanifundishe kuvitumia pamoja, nikatoka na ramani ya uongo, na kejeli juu yake.

Nilikwenda kwa haja. Kwetu, upande wa Kiwengwa, uwanda, yaani vile vichaka vya juu ya mawe, uliungua kiangazi kilichopita. Warina asali ndio wanaotajwa kila mwaka, wawe wao au wasiwe. Kamati ya msitu ikataka ramani ya kuonyesha wapi kumeungua khasa na wapi moto umepita juu juu. Mie nimepapita kwa miguu. Pahala pengine hata visiki vimekuwa majivu, jiwe limebaki tupu.

Somo lilianza vizuri, sikatai. Mwalimu anajua kukata picha, na kanda ya 37 kusini ya UTM, ule mfumo wa gridi za ramani, aliieleza hata mtu wa skuli angefahamu. Akatupa fomula ya NBR, fahirisi ya kuonyesha palipoungua: bendi ya 8A (kila bendi ni picha ya aina moja ya mwanga) utoe bendi ya 12, ugawe kwa jumla yao. Jani bichi hurudisha sana infraredi ya karibu, ndiyo 8A. Palipoungua huzidi ile ya mawimbi mafupi, ndiyo 12. Unapiga hesabu ya picha ya kabla ya moto, unatoa ya baada, basi. Nikabonyeza. Pale penye majivu pakatoka njano: "wastani wa chini".

Nikanyanyua mkono. "Mwalimu, hapa nimesimama mwenyewe. Hapana kilichobaki."

Hakuja hata kutazama kompyuta yangu. Akajibu mbele ya watu: "Bibie, setilaiti iko juu kilomita 786. Wewe ulikuwa na makubadhi yako. Nani kaona zaidi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa haya tu.

Aliyenifungua macho ni kijana msaidizi wao, wakati wa chai. Akafungua faili la maelezo linalokuja na picha, akaniwekea kidole: -1000. Tokea Januari 2022 Shirika la Anga la Ulaya linaongeza 1000 kwenye thamani ya kila pikseli, na ni juu yako kuitoa kabla ya fomula. Usipoitoa, kwenye kutoa hakuna neno, zinafutana. Kwenye kujumlisha ndiko kunakoingia 2000 za bure, na fahirisi inasinyaa. Tukachukua pikseli moja ya pale pale, 8A kwanza kisha 12: kabla ya moto 4000 na 2500, baada ya moto 2200 na 3200. Kwa njia ya mwalimu tofauti inakuja 0.42. Toa zile 1000, inakuja 0.63. Kwenye makundi ya ukali wa moto ya watafiti Key na Benson, mpaka wa "wastani wa chini" na "wastani wa juu" uko 0.44. Uwanda wetu umeshushwa daraja zima kwa sababu mtu hakusoma faili!

Makundi hayo nayo yalipimwa kwenye misitu ya Marekani, si vichaka vya juu ya mawe, lakini hilo nalimeza. Mafunzo mafupi hayawezi kumaliza kila kitu.

Nikamrudia mwalimu na karatasi ya hesabu mkononi. Hakuipokea. "Hayo ya ngazi ya juu, lipia kozi ya pili." Yakhe!

Sasa nikwambieni muende au msiende? Kama hujapata kuifungua QGIS, nenda, kubonyeza utakujua, na chumba chao kina kiyoyozi kizuri. Nilikuwa nimeshapanga nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko, na kwamba ramani ile ilibaki kidogo tu ifike kwa sheha ikisema pori letu limebabuka tu, naona hata mbili nyingi. Moja. Na hiyo ni ya yule kijana, ambaye nasikia hata mshahara hawampi, anajitolea.