Yule mama wa sokoni ameniangushia Saqqara

Hukumu naitanguliza: msiliguse hili gemu. Kama kesho asubuhi una kazi, kama kuna mtu anakusubiri mle pamoja, pita mbali. Naandika haya muda mfupi baada ya kuifunika laptopu kwa kishindo, mpaka mke wangu akauliza kutoka chumbani kama kuna kitu kimeanguka. Kimeanguka. Saqqara imeanguka.

Gemu lenyewe ni Pharaoh, lile la kujenga miji ya Misri ya kale, la mwaka 1999. Waliopita vyuoni enzi za intaneti kafe huenda walilikuta kwenye mashine ya pembeni, limebanwa kati ya gemu la mpira na la magari. Habari za kompyuta gani inalifaa siziingilii. Yangu bawaba imekufa, naiegemeza kwa kamusi, na inalicheza. Nimekuja kumsema mtu mmoja tu. Ni mwanamke, ni wa sokoni, na jina lake sijawahi kulijua.

Kwa asiyelijua gemu: unapewa ukingo wa Nile na mchanga. Unachora barabara, unagawa viwanja, wahamiaji wanakuja na virago vyao. Kila jengo linatoa mtembeaji wake. Zimamoto anatembea, daktari anatembea, mtoza kodi ndiyo kabisa. Soko nalo lina akina mama wake: wa kufuata chakula ghalani, wa kufuata vyungu na bia na vitambaa, na huyu wangu, ambaye kazi yake ni kuzunguka mitaani kugawa. Wananchi wenyewe hawaendi sokoni. Hawainui mguu! Mama akipita mbele ya mlango, nyumba imekula. Asipopita, nyumba ina njaa, hata kama ghala limejaa nafaka na lipo mtaa wa pili.

Na huyo mama akifika njia panda, anakwenda anakojisikia. Halafu huyu ndiye aliyekabidhiwa matumbo ya mji mzima.

Saqqara si mji wa kubuni. Ndipo mjenzi Imhotep alipomjengea farao Djoser piramidi ya ngazi, ngazi sita, mita 60 na kitu kwenda juu, miaka kama 4,700 iliyopita, na mpaka leo imesimama. Yangu ilikuwa imefika ngazi ya tatu. Nilianza vuli ikiwa bado, sasa madimbwi yameshajaa barabarani, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni usiku mingapi.

Lazima niwe mkweli hapa, maana hasira inasahaulisha. Kuna kipindi ndani ya gemu hili ambacho sijakiona kwingine. Nile inapanda, mashamba ya bondeni yote yanazama, na wale wakulima waliokuwa wanavuna juzi unawaona wamejifunga kamba, wanavuta jiwe juu ya gari la kuburuza lisilo na magurudumu, taratibu, kuelekea piramidi. Shamba likiwa chini ya maji, mkulima ana nafasi ya kuvuta jiwe. Hesabu rahisi namna hiyo, na shuleni sikuwahi kuambiwa. Sisi tuliambiwa watumwa na viboko, tukaendelea na mada nyingine. Kumbe kule Giza wamefukua makazi ya wafanyakazi wenyewe, pamoja na sehemu zao za kuokea mikate. Gemu linakulipisha kila kitu kwa deben, kana kwamba watu wale walikuwa na pochi. Enzi hizo sarafu haikuwepo, mtu alilipwa mkate na bia. Mke wangu aliposikia hilo akasema kumbe hakuna kilichobadilika.

Mimi ni mtu wa Mwanza, kwa hiyo kila maji yalipopanda nilijipiga kifua: hayo ya kwetu hayo, yametoka Ziwa Victoria, yamepitia Jinja. Mdogo wangu, ambaye ana kipaji cha kuharibu raha, akanikumbusha kwamba mafuriko yale ya kila mwaka yaliletwa na mvua za milima ya Ethiopia, kupitia Nile ya Bluu. Ya kwetu yanatiririka mwaka mzima bila makeke. Sawa. Nikanyamaza.

Turudi kwa yule mama.

Mtaa wangu wa mashariki ulikuwa umenawiri. Vibanda vimekuwa nyumba, nyumba zimekuwa nyumba za maana, kuna kisima, kuna hekalu la Osiris, na jioni wanamuziki wanapiga pale kwenye makutano. Kisha siku moja naona kibanda. Kimoja, katikati ya nyumba nzuri. Nikadhani macho. Dakika mbili baadaye viko sita. Nabofya nyumba ya kwanza: haina chakula. Ya pili: haina chakula, haina vyungu. Natazama ghala: limejaa. Natazama soko: limejaa. Namtafuta mama. Mama yuko machimbo ya udongo.

Machimbo ya udongo hayana nyumba hata moja! Kuna shimo na wachimbaji. Yeye anakwenda mpaka mwisho wa njia, anageuka, anarudi sokoni, anapumzika, anatoka tena, anafika njia panda, na kama ameitwa, huyoo, kwenye udongo. Nilimhesabu mara tano mfululizo. Mara ya sita akaelekea mtaani, nikasimama kwenye kiti. Alipita nyumba tatu, akakata kona.

Katika gemu hili ukimbofya mtu kwa kitufe cha kulia anakuambia anauonaje mji. Nikambofya. Unajua alinijibu nini? Kwamba mji huu una upungufu wa wafanyakazi. Yeye! Mtu anatoka machimboni na chakula chake chote, nyuma yake watu wanahama kwa njaa, halafu ananihubiria habari za ajira. Nimewahi kujibiwa vibaya dirishani kwenye ofisi za watu, nimewahi kurudishiwa chenji kwa kutupiwa, lakini hili liliniuma kuliko yote, kwa sababu barabara anayokanyaga nilimchorea mimi.

Tena alikuwa anasema kweli, ndilo baya zaidi. Nyumba ikishuka daraja inabeba watu wachache, waliozidi wanatolewa, wanabeba virago wanaondoka. Wakiondoka, kazi zinabaki bila watu. Kwanza nikapungukiwa na wachonga mawe. Kisha zimamoto. Ukikosa zimamoto, moto hauchelewi. Na moto, wapendwa, ulianzia wapi? Sokoni kwake. Nilikaa nikautazama. Sikufanya kitu. Nilicheka peke yangu saa sita usiku kama mwendawazimu, nikasema asante Ra, asante Seth, yeyote aliyehusika. Nikasevu kabisa ili niwe na kumbukumbu.

Kucheka kuliisha haraka. Kwa soko kuungua, mtaa mzima ukakosa hata zile nyumba tatu za bahati. Na nilikuwa nimesevu juu ya faili lile lile.

Nikampigia mdogo wangu, nikijua kabisa amelala.

"Kaka, uliongeza barabara hivi karibuni?"

"Kidogo tu. Kipande cha kwenda kwenye udongo."

"Kikaungana na ya mtaani?"

"Sasa kingeungana na nini?"

"Uliweka kizuizi?"

Sikuweka kizuizi. Kizuizi ni kitu cha kuweka barabarani, kinawarudisha hawa wazururaji, huku wenye safari maalumu, kama wasukuma mikokoteni, wanapita zao. Kipo kwenye menyu tangu mwanzo. Nimekipita mara mia nikidhani ni cha polisi. Hivyo ukitaka kuwa na ubishi utasema njia panda niliitengeneza mimi, na mama hakuwa na kosa, kwa kuwa alifika mahali penye njia mbili pasipokuwapo jana. Unaweza kusema hivyo. Mdogo wangu alisema hivyo, na kwa sasa hatuongei.

Mimi nasema mtu mwenye akili akienda machimboni akakuta hakuna mteja, kesho haendi. Machinga yeyote wa Makoroboi anajua hilo. Gemu limekumbuka wakulima wanafanya nini mafuriko yakija, limekumbuka daktari wa meno, limekumbuka mpaka kwamba maiti wanahitaji kitani, likasahau kumpa muuzaji akili ya muuzaji! Toleo lililochorwa upya mwaka 2023 analo shemeji yangu, nimelitazama begani kwake: picha zinapendeza sana, na mama ni yule yule, mwendo ule ule.

Kwa hiyo nyota moja. Au mbili, kwa ajili ya wale wavuta mawe. Maana niliporudi kuufungua mji ili nione kama kuna cha kuokoa, moshi kila upande, mtaa mtupu, kulikuwa na kundi moja lililokwisha kutoka na jiwe kabla mambo hayajaharibika. Bado linavuta. Hakuna aliyeliambia lisimame. Nikalisindikiza kwa macho mpaka likafika kwenye piramidi, na jiwe likapandishwa. Tatu basi. Nyota tatu, na msilinunue, labda mkiwa likizo.

Nimejenga soko jipya. Nimeweka kizuizi kwenye mdomo wa njia ya udongo, na kingine mbele yake kwa usalama. Mke wangu amekuja mlangoni, amenitazama, hakusema kitu, amezima taa ya ukumbini. Mama mpya ametoka. Anatembea kama yule wa kwanza, hana haraka kabisa. Amefika njia panda. Amekata kushoto, kwenye udongo, bila shaka. Amekifikia kizuizi.

Amegeuka.