Seti ya zana sita za betri, na siku nilipoitwa mwizi wa betri yangu mwenyewe

Kama ningeandika maoni haya katika wiki ya kwanza baada ya kununua, ningewaambia mafundi wenzangu wauze mbuzi wakainunue seti hii. Sasa ninaandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo haitokani na drili wala msumeno. Inatokana na betri moja, na mtu mmoja aliyekaa nyuma ya kaunta katika duka la zana mjini Kampala. Jina la duka silitaji, wala la kampuni iliyotengeneza seti yenyewe. Ninachotaka ni mkandarasi mwenzangu ajue pa kutazama kabla hajatoa fedha zake, kwa maana seti za namna hii zinauzwa kwa majina mengi na kwa maneno matamu yale yale.

Mimi ni mkandarasi mdogo, ninakaa Bombo, na kazi yangu kubwa ni kuezeka mapaa na kufunga milango na dari. Saiti zangu nyingi ziko ndani ndani baada ya Wobulenzi, mbali na barabara kuu ya Gulu, mahali ambapo shule huweza kusimama miaka mingi kabla nguzo ya kwanza ya umeme haijafika. Huko tulifanya kazi kwa jenereta: kuifunga nyuma ya boda boda, kununua petroli, kuvuta waya juu ya matope, na kumweka kijana mmoja chini ailinde wakati wenzake wako juu ya kenchi. Kwa hiyo mtu asinisome akadhani kwamba ninapinga zana za betri. Nilizihitaji kuliko mtu anayefanya kazi mjini, na hiyo ndiyo sababu jambo hili limeniuma kiasi hiki.

Kosa langu la kwanza ninalikiri, kwa kuwa ni kosa la kuchagua na wengi watalifanya baada yangu. Nilihesabu zana, sikuhesabu betri. Sandukuni mlikuwa na drili, impakti ya kufungia skrubu, msumeno wa duara, msumeno wa kwenda na kurudi, grainda na taa ya kuangazia, vyote kwa shilingi 2,600,000 za Uganda, na ukigawanya bei hiyo kwa sita unaona kwamba umepewa karibu bure. Lakini zana hizo sita zilitegemea betri mbili tu, tena zile ndogo za ampea-saa 2 (ampea-saa ni kipimo cha chaji inayokaa ndani ya betri), pamoja na chaja moja. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 hubeba nishati ya wati-saa 36, wakati ile kubwa ya ampea-saa 5 hubeba 90. Drili na impakti huridhika na ile ndogo, kwa sababu huvuta umeme kisha hupumzika, lakini grainda na msumeno wa duara huvuta mfululizo, na mbao zetu za mkaratusi, hasa zikiwa bado mbichi, hazina huruma. Ilipofika saa tano asubuhi betri zote mbili zilikuwa zimekwisha, na boda boda alikuwa njiani kuzipeleka kwa kinyozi wa kwenye senta ili azichaji. Taa nayo, ambayo dukani ilihesabiwa kuwa zana ya sita, sikumbuki kama tuliitumia mara tatu.

Muuzaji alinisifia pia kwamba seti hii ni ya volti 20 na ile ya duka la jirani ni ya 18, nami nikaamini kwamba ninapewa nguvu zaidi. Baadaye nilifahamishwa kwamba ndani ya betri zote mbili mna safu ya seli tano za lithiamu. Kila seli ikitoka kwenye chaja husoma volti 4 na zaidi kidogo, na ikiwa kazini hukaa karibu na 3.6. Kwa hiyo 20 na 18 ni betri ile ile iliyopimwa kwa nyakati mbili tofauti. Namba aliyoniambia ilikuwa ya kweli, ila alijua mimi nitaielewa vipi, akaniacha niielewe hivyo.

Pamoja na hayo, nilifurahi. Ni lazima niseme hivyo, kwa kuwa ni haki ya zana yenyewe. Tuliezeka darasa zima la mabati ya geji 28 bila kuwasha jenereta hata mara moja, na ile impakti ilizamisha skrubu kwenye mbao ngumu pasipo kuupinda mkono wa kijana aliyeishika, kwa kuwa haizungushi kwa nguvu ya mkono bali kwa vipigo vidogo vya haraka vinavyotoka ndani. Mota yake haitumii brashi za kaboni, basi hakuna brashi za kulika na kubadilishwa, na hata iliponyeshewa kidogo bila sisi kutaka iliendelea. Mwalimu mkuu alisimama chini akasema kwamba siku hiyo ndiyo ya kwanza watoto wameweza kusoma wakati mafundi wako juu ya paa. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba fedha ile haikupotea.

Kisha, baada ya mvua za msimu mmoja kwisha, betri moja ikakataa kuchaji. Ukiiweka kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa haraka haraka kisha inazimika. Sikukimbilia dukani. Najua kwamba betri ya lithiamu ikiwa ya moto chaja huisubirisha mpaka ipoe, na betri iliyolazwa juu ya bati saa saba mchana hupata moto wa kutosha, basi niliiacha ilale usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi hali ilikuwa ile ile. Nilifuta vidole vya shaba vya betri, vile vinavyogusana na chaja, kwa kitambaa kikavu, nikajaribu tena. Betri ya pili, kwenye chaja hiyo hiyo na tundu hilo hilo la ukutani, ilichaji vizuri. Hapo hata mtu asiye fundi angejua ugonjwa uko wapi.

Karatasi ya garanti ilisema mwaka mmoja, ilikuwa na stampu ya duka, na mwaka huo ulikuwa bado haujakaribia kwisha. Nikapanda teksi ya kwenda Kampala pamoja na kijana wangu wa kazi, ambaye ananifuata tangu alipoacha shule na ambaye huniita Mzee ingawa bado sijaota mvi. Nilimchukua kwa makusudi, ili ajifunze jinsi mtu anavyodai haki yake kwa karatasi na kwa adabu.

Niliingia, nikasalimu. Yule bwana, na alikuwa ndiye yule yule aliyeniuzia, hakuitikia. Siku ya kununua alikuwa ameniita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, kila baada ya maneno mawili na kuniletea kiti. Safari hii alinyoosha mkono tu, akachukua betri, akaigeuza juu chini, akaniuliza kama ninachaji kwa jenereta, kwa kuwa umeme wa jenereta ndogo hupanda na kushuka. Nilimjibu kwamba ninachaji nyumbani Bombo kwa umeme wa kawaida, na ikibidi kwa kinyozi anayetumia umeme huo huo wa laini. Swali hilo silikatai, lilikuwa swali la haki. Akaendelea kuigeuza betri. Akaweka kidole kwenye skrubu moja ya chini, akasema imekwaruzika. Halafu akasema kwa Kiganda, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, maneno ambayo hapa ninayaweka kwa Kiswahili: «Nyinyi mafundi tunawajua. Mnafungua, mnatoa seli nzuri mnauza, mnaweka zile za tochi, halafu mnatuletea.»

Dukani walikuwamo wateja kama wanane. Mmoja nilimfahamu kwa sura, ni muuza mbao wa mtaa wa Ndeeba. Wote walinitazama mimi, hakuna aliyemtazama yeye. Kijana wangu alikuwa ameshika ile karatasi ya garanti kwa mikono miwili.

Nilimwambia, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba skrubu ile imekwaruzwa na kokoto za saiti kama ubavu wote wa betri ulivyokwaruzwa, na kwamba jambo la kufanya ni jepesi: achukue bisibisi aifungue mwenyewe, hapo hapo, mbele ya watu wote, na kama seli zilizomo si za kiwandani basi nitamlipa gharama na kumwomba radhi. Alinijibu kwamba hawezi kuifungua, kwa kuwa betri ikifunguliwa garanti inakufa. Nikamwomba aipeleke kwa wakala wa kampuni ili wao waifungue. Akasema wakala hapokei betri iliyofunguliwa. Msomaji, lisome tena jibu hilo. Betri haiwezi kufunguliwa ili ijulikane kama ilifunguliwa, na kwa kuwa mtu mmoja amesema kwamba ilifunguliwa, haipokelewi. Hakuna mlango wa kutokea katika maneno hayo, na aliyeyajenga aliyajenga hivyo akijua. Nilipouliza jina la mkubwa wake alimwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sikuweza kuivumilia ile lawama ikae juu yangu hivyo. Siku chache baadaye niliipeleka betri Katwe, mtaa wa Kampala, kwa fundi wa vifaa vya umeme ninayemwamini, na tukaifungua, ingawa nilijua kwamba kwa kitendo hicho ninaizika garanti kwa mikono yangu. Seli tano zilikuwa zimekaa mahali pake, zote za aina moja na maandishi ya aina moja, zimeunganishwa kwa vile vibati vyembamba vya nikeli vilivyochomelewa kwa nukta nukta za mashine, na hakuna hata alama ya risasi ya kuchomelea kwa mkono. Alipima moja moja. Nne zilisoma zaidi ya volti 3. Ya tano ilikuwa chini ya volti 1. Alinieleza kwamba seli zikiungwa kwa safu, iliyo dhaifu humalizika mapema na wenzake huendelea kuivuta chini, na chaja ikiona hali hiyo hukataa, na inafanya vyema kukataa, kwa kuwa kuilazimisha seli ya lithiamu iliyoshuka hivyo kunaweza kuleta moto. Huo ni udhaifu wa kiwandani, tena katika seli moja. Ni jambo linaloweza kutokea kwa mtengenezaji yeyote duniani, na ndilo hasa garanti iliandikwa kulishughulikia.

Sasa nifikie uamuzi, na naona unanigeuka kila ninapojaribu kuuandika. Nilikuwa nimekusudia kusema: usiinunue seti hii kabisa. Lakini hilo lingekuwa uongo, kwa sababu ile impakti bado ni zana bora kuliko zote nilizowahi kushika, na drili inaifuata kwa karibu. Basi niseme hivi: anayeezeka na kufunga milango anunue impakti na drili peke yake, pamoja na betri mbili za ampea-saa 5, na grainda aendelee na ile ya waya mpaka kazi zake ziruhusu. Kwa fedha ile ile atakuwa na zana chache, ila hatamtuma boda boda kwa kinyozi saa tano asubuhi. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo, nami wakati ule nilimwona mjinga.

Lakini hata ushauri huo naona unalipunguza jambo lenyewe. Ukishanunua zana za betri za kampuni moja, umefungwa nayo, kwa kuwa betri ya kampuni nyingine haiingii. Mwezi huu nimelazimika kununua betri mpya ya aina ile ile, kwa shilingi laki nne na nusu, katika duka jingine, kwa sababu bila hiyo zana zangu sita ni plastiki na chuma. Yaani nimetukanwa na bado nimelipa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kasi ya mota au idadi ya zana sandukuni, muulize muuzaji mbele ya shahidi: betri ikifa ndani ya garanti, ni nani anayeifungua, anaifungua wapi, na mimi nitakuwepo? Mwambie aliandike jibu nyuma ya risiti na agonge stampu. Akikataa kuliandika, toka, hata kama bei ni nzuri, hata kama zana ni hii hii ninayoisifu.

Siku ile, tulipokuwa ndani ya teksi tukirudi, hatukusema neno mpaka tulipopita Kawempe. Hapo kijana wangu aliniuliza, kwa sauti ya heshima kabisa: «Mzee, kwani seli za ndani huuzwa wapi?» Hakukusudia ubaya. Lakini nilielewa kwamba kwa nusu saa nzima alikuwa akipima maneno ya yule bwana na yangu. Nilipotoka Katwe nilimpelekea ile betri wazi, nikamwonyesha vibati vya nikeli kimoja kimoja, na nimeiacha hivyo hivyo, bila mfuniko, juu ya rafu ya stoo yangu, karibu na karatasi ya garanti.